Taruma la Saba

Nimejenga vyombo kumi na viwili maishani mwangu. Cha mwisho kilikuwa na urefu wa mkono wangu tu, kutoka begani mpaka ncha za vidole, na hicho ndicho kilichomuua kaka yangu. Watu wa hapa kwetu Kiswere wakisimulia habari hii husema nilimuuza. Wenye adabu zaidi husema niliponzwa na sifa, na hao siwezi kuwabishia sana. Lakini aliyeuza ni mwingine. Nitaeleza habari zake bila kumtaja jina, si kwa kumsitiri, ila sitaki jina lake likae nyumbani mwangu hata kwenye karatasi. Na nikishamnyima yeye jina, basi nawanyima wote, wasije wakasema napendelea.

Nianze na jahazi kubwa, maana lile dogo halina maana bila hilo.

Nililijenga miaka michache kabla ya vita vya Maji Maji, kwa ajili ya kaka yangu aliyenitangulia kuzaliwa. Yeye alikuwa nahodha, mimi fundi, na tangu utotoni tulikuwa tumeahidiana hivyo: mmoja atajenga, mmoja ataendesha. Lilikuwa na urefu wa mikono arobaini. Nilikuwa kijana na nilitaka watu waulize ni kazi ya nani, kwa hiyo omo, pua ya chombo, niliirefusha ikachongoka mbele, na mlingoti niliuinamisha kuliko walivyozoea mafundi wa Kilwa. Waliuliza kweli. Wengine walinicheka, wakasema jahazi linataka kusujudu.

Ndani yake palikuwa na kasoro moja. Taruma la saba upande wa kushoto, yaani ubavu wa saba wa chombo ukihesabu kutoka mbele, lilipasuka wakati tunaligongomea misumari. Nikataka kulitupa. Kaka akakataa. Mti ule alikuwa ameukata mwenyewe kwenye mikoko na kuubeba begani, matope mpaka kiunoni.

"Litie mwenzake pembeni," akaniambia. "Litafaa."

Nikalitia mwenzake. Basi jahazi zima lilikuwa na taruma moja moja, isipokuwa pale mahali pamoja ambapo yalikaa mawili yakisukumana. Kaka aliyaita wake wenza. Akipita hapo hakukosa kuyagusa kwa kidole cha mguu na kuyauliza kama wamepatana.

Vita vilipokuja, watu walianza kushuka kutoka milima ya Umatumbi na kutoka bara ya Lindi, askari wako nyuma yao wanachoma maghala. Kaka aliwabeba. Aliwapeleka kusini, ng'ambo ya Ruvuma kwa Wareno, ambako Mdachi hakuwa na amri. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Walikuwamo pia wanaume waliokuwa wanatafutwa, sitaficha. Safari moja tanga lilichanika, na mama mmoja miongoni mwa abiria akakata kipande cha kaniki aliyoivaa, kaka akakishonea hapo. Kwa hiyo tanga jeupe likawa na kiraka cheusi cha mraba, kikubwa kama mkeka wa kuswalia. Safari iliyofuata askari mmoja aliyekuwa pwani aliliona jahazi linapita. Hakuweza kulifikia, lakini macho alikuwa nayo.

Vita vilipotulia ikapigwa mbiu kila kijiji kutoka Kilwa mpaka Lindi: anatafutwa nahodha wa jahazi lenye omo ndefu, mlingoti ulioinama na kiraka cheusi kwenye tanga. Asubuhi yake kaka alikuja kwangu na msumeno.

Tulilivuta jahazi nchi kavu kama tunataka kulipaka deheni ya kuzuia maji. Nikaikata omo. Nikatoa mlingoti, nikachonga mwingine, nikausimamisha wima kama wa kila mtu. Tanga tulilichoma. Nilipoangusha ile omo niliyoichonga kwa miezi, machozi yalinitoka, na kaka akanicheka mbele ya uso wangu.

"Unalilia mbao, fundi?"

Nikamwambia ndiyo, nalilia mbao. Mtu asiyejenga hajui. Tulipomaliza, jahazi lilikuwa butu, sura mbaya, limefanana na mengine yote kwenye ghuba. Ndani hatukugusa kitu. Nani aliwahi kuona askari anahesabu mataruma?

Sasa huyo mwingine. Alikuwa sahibu yangu. Neno hilo nalisema kwa makusudi ili lijulikane lilikuwa na uzito gani. Tulitahiriwa siku moja, tukakaa kumbini pamoja, tukalala kwenye majani yale yale na kulishwa na mkono mmoja wa mlezi wetu. Kwetu watu waliotoka kumbi moja hawashitakiani, hawasemani mbele ya wakubwa, na mmoja akifa mwenzake hushika jeneza pamoja na ndugu zake wa tumbo moja. Hatukuandikiana. Hakuna aliyewahi kufikiri lingehitaji kuandikwa. Yeye alisoma herufi za Kizungu, akawa karani wa forodha hapa Kiswere, na akihitajika huenda Lindi bomani kuwa mkalimani wa bwana mkubwa. Tulimwonea fahari. Mama yangu alikuwa akimpelekea samaki.

Alikuja kwangu mwaka wa njaa, ile njaa iliyofuata vita. Tulikuwa tunakula ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo ukikosea kuipika unaumwa tumbo siku tatu. Hakuna aliyekuwa anajenga vyombo. Tezo yangu ya kuchongea ilikuwa imening'inia ukutani imeshika kutu. Akaketi mkekani, akauliza hali ya mama, ya mke wangu, ya watoto mmoja mmoja, ndipo akasema shida yake. Bwana mkubwa wa boma anakaribia kurudi kwao Ulaya. Ana mtoto wa kiume. Anataka kumpelekea jahazi dogo, si la kuchezea tu bali lililotimia, lenye kamba zote na tanga linalopanda na kushuka. Atatoa mchele.

"Niambie anataka jahazi gani," nikasema. "Mimi sibuni. Fundi wa pwani hii hana karatasi wala mchoro. Kipimo ni mwili wake, na chombo ni kile alichokiona kikielea. Nikijenga cha kutoka kichwani nitakuwa nimejenga uongo."

Akatabasamu. "Ndiyo maana nimekuja kwako na si kwa mwingine. Jenga lile unalolipenda mwenyewe."

Hakusema zaidi. Ukitazama vizuri, hakuniomba kitu kibaya hata kimoja.

Nilikusudia kujenga jahazi la tajiri mmoja wa Kilwa Kivinje ambalo niliwahi kulifanyia matengenezo. Nilipata kipande cha mninga, nikakata mkuku, uti wa chini wa chombo, nikaupima. Nikautazama siku nzima, nikauona hauna ladha. Siku ya pili nikachukua kipande kingine. Sitasema mikono ilinitangulia, kama watu wanavyopenda kujitetea. Nilijua ninachofanya. Nilitaka kuiona tena ile omo. Lile jahazi kubwa nililikatakata kwa mkono wangu mwenyewe, na tangu siku hiyo nilikuwa siwezi kupita ghubani bila kugeuza uso. Hili dogo, nikajiambia, litakwenda Ulaya. Litakaa kwenye nyumba ya mtoto ambaye hajui Kiswere iko wapi. Atakayelitambua huko ni nani?

Kwa hiyo nilifanya mkono mmoja kuwa upana wa kidole kimoja. Mikono arobaini, vidole arobaini. Kila kipimo nilikuwa nacho tumboni, sikuhitaji kwenda kukipima tena. Mbao nilizipasua nyembamba mpaka mwanga ulikuwa unapenya. Mataruma nilichonga kutoka vijiti vya mlimau, maana matawi ya mlimau yana vikunjo vya asili, unatafuta tu kikunjo kinachofaa na kukikata. Misumari ilikuwa miba ya mchongoma. Nilitoboa matundu kwa sindano niliyoipasha moto, nikagongomea mwiba, nikaukata kichwa, na vidole vyangu viwili havikupona vizuri mpaka leo. Makapi ya kupitishia kamba nilichonga kutoka vifuu vya nazi, madogo kama mbegu za mpapai. Kamba mke wangu alizisokota kwa nyuzi za makumbi ya nazi, akizilowesha mdomoni.

Nilipofika taruma la saba la kushoto, niliweka mawili.

Karani alikuwa anakuja kila baada ya alasiri, anakunywa kahawa yetu ya kunde za kukaanga, maana kahawa yenyewe haikuwapo, na kunivisha kilemba cha ukoka. Kuna siku alitia kidole ndani ya chombo akauliza, "Hapa mbona mawili?"

Nikamweleza, pamoja na kipimo changu cha kidole kwa mkono. Nilimweleza kwa raha! Jinsi mti ulivyopasuka, jinsi mwenye chombo alivyokataa kuutupa, jinsi alivyoyaita wake wenza. Mwenye chombo sikumtaja, nikajiona mwerevu. Sahibu yangu alicheka mpaka akafuta macho. Nilipenda kumchekesha, nami nakiri hilo kwa hasira, kwa sababu hata sasa nikikumbuka kicheko kile kinanijia kitamu kabla sijakumbuka kilikuwa cha nini.

Siku nyingine alitazama mlingoti, akasema anaona nimeuinamisha mno, pengine nimekosea. Nikamjibu kwamba sijakosea hata unywele, ulikuwa hivyo hivyo. Akachukua kikombe chake.

Ikabaki tanga. Nililikata kutoka kitambaa cha marekani, nikampa mke wangu alipinde. Kisha nikamwambia ashone kiraka.

"Kiraka nacho?" akauliza.

"Nacho."

"Cheusi?"

"Ndivyo kilivyokuwa."

Akaweka sindano chini. "Baba watoto, huko Ulaya nani anajua kwamba kulikuwa na kiraka?"

Nilimkaripia. Nilisema kazi yangu siitii pengo, kwamba tanga bila kiraka kile si tanga la chombo hiki, na kwamba mambo ya ufundi aniachie mimi. Alikata kipande kwenye pindo la kaniki yake mwenyewe, akakishona kwa mshono mdogo hata ukipitisha kidole husikii. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho mke wangu kunionya juu ya jambo lolote. Baadaye alikuwa anasema tu, "Kama uonavyo."

Kaka hakukiona chombo kile hata siku moja. Alikuwa Kilwa anatafuta chumvi na mtama. Angekuwapo angekivunja kwa goti, na mimi ningemchukia kwa wiki moja, na leo tungekuwa wazee wawili tunagombea kivuli.

Karani alikuja kukichukua. Nilimwonyesha jinsi tanga linavyopanda, ukivuta kamba hii, na linavyoshuka, ukilegeza hii. Alijaribu mara tatu kama mtoto. Akakifunga kwenye shuka safi, akaniambia, "Kumbi yetu imetoa mtu." Mchele ulifika kesho yake. Ulikuwa mchele mzuri. Tuliula na mama, na kaka aliporudi kutoka Kilwa aliula pia. Aliuliza umetoka wapi, nikasema nimefanya kazi ndogo ya bomani. Akasema, "Vizuri," akaongeza mchuzi.

Siku kama kumi baadaye askari walikuja Kiswere. Nilikuwa pwani. Mmoja wao alikuwa amekipakata chombo changu kama mtoto mchanga, kiraka kinaonekana, na nilipokiona nilifikiri nini? Nilifikiri bwana mkubwa amekipenda na ametuma watu waniagizie kingine. Wallahi nilivua kofia nikaipangusa, nikaivaa vizuri.

Hawakuniangalia hata kidogo. Walikuwa na kamba yenye mafundo, fundo kwa kila mkono. Waliingia chombo kimoja baada ya kingine, wakapima urefu wa mkuku, wakatoka. Vingi vilikuwa vifupi au virefu. Vitatu vilikuwa sawasawa. Kwenye hivyo vitatu askari mmoja alishuka ndani akawa anahesabu kwa sauti, akigusa kila taruma kwa kitako cha bunduki. Moja, mbili, tatu. Kwenye chombo cha kwanza alifika mwisho, akapanda juu. Cha pili vilevile. Jahazi la kaka lilikuwa la tatu, na kaka mwenyewe alikuwa amekaa juu yake anashona wavu, amewapisha kwa heshima, hana wasiwasi. Askari akahesabu. Alipofika saba akanyamaza. Akaomba apewe kile kidogo, akachungulia ndani yake, akachungulia ndani ya kikubwa.

Ndipo kaka akakiona. Alikitazama kile chombo mikononi mwa askari, omo yake, mlingoti wake, kiraka chake. Kisha akaniangalia mimi niliyesimama kwenye mchanga na kofia yangu safi. Sikuweza hata kutikisa kichwa. Walimfunga mikono hapo hapo.

Bomani Lindi tulifikishwa wote wawili, yeye kwa minyororo, mimi kama shahidi. Bwana mkubwa aliketi nyuma ya meza na chombo changu kiko mbele yake. Pembeni alisimama mkalimani, na mkalimani alikuwa yeye, sahibu yangu, amevaa kanzu nyeupe na koti juu yake. Hakukwepa macho yangu. Hilo ndilo lililonivunja kabisa. Kama angeangalia chini ningejua kwamba ana haya, na mwenye haya kuna siku utamsamehe.

Bwana aliuliza, naye akafasiri. "Fundi, hiki umekinakili kutoka jahazi la nani?"

"Si la mtu," nikasema. "Nimekibuni kichwani."

Akazungumza na bwana, kwa muda mrefu kuliko maneno yangu yalivyohitaji. Kisha akanigeukia.

"Nimemweleza kwamba fundi wa pwani hii habuni. Hujenga chombo alichokiona kikielea. Ndivyo ulivyonifundisha mwenyewe."

Nilitaka kusema alikaa mkekani kwangu, alikula kwangu, mama yangu alimlisha. Mambo hayo yote ya kweli hayakuwa na kazi mahali pale. Bwana mkubwa akasema jambo lingine, na karani akafasiri kwamba fundi aliyejenga jahazi la waasi, akaligeuza sura kulificha, adhabu yake ni moja na ya nahodha. Akaulizwa kaka: "Huyu aliyejenga ni nani kwako?"

Kaka alikitazama chombo. Aliniangalia mimi. Akasema:

"Huyu si ndugu yangu. Ni fundi tu, nilimwajiri ajenge. Kukata omo na mlingoti nimekata mwenyewe. Yeye hajui lolote."

Katika chumba kile kulikuwa na mtu mmoja, mbali na sisi wawili, aliyejua kwamba huo ni uongo. Alikuwa amekula kwenye sahani moja na sisi wote wawili. Karani akanitazama, na nikaona anafikiri. Kisha akafasiri neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, na bwana mkubwa akaandika. Nikaambiwa niende zangu. Kwa hiyo mimi niko hai kwa kinywa cha yule yule aliyemmaliza kaka yangu. Nimejaribu miaka mingi kulimeza hilo, limekataa kushuka.

Kaka hakunyongwa, kwa kuwa hakuonekana ameshika silaha. Alitiwa kwenye mnyororo wa wafungwa waliokuwa wanavunja mawe ya barabara kuelekea bara. Mwezi wa nne akashikwa na tumbo la kuhara. Mfungwa mmoja wa Kiswere aliyeachiliwa alituletea habari kwamba walimfungua shingo alipokuwa amekwisha kufa, wakamzika kandokando ya njia. Pahali penyewe hakuweza kupaeleza. Kando ya barabara pote ni sawa.

Mama alisikia yaliyosemwa bomani. Aliniita, akaniketisha.

"Mwenzio alisema wewe si ndugu yake?"

"Alisema, mama."

"Kwa sauti gani?"

Ndilo swali lenyewe, na ndilo nililokaa nalo mpaka leo. Alinikana ili kuniokoa, au alinikana kwa sababu alikwisha kuamini nimemuuza kwa gunia la mchele, naye alikuwa ameshaula? Maneno ni yale yale. Nimeyarudia kwa sauti nikiwa peke yangu shambani, mara kwa upole, mara kwa uchungu, na yote mawili yanakubali. Mama alikufa hajapata jibu. Hakunikatalia chakula wala maneno, lakini hakuwahi tena kusema "wanangu" hata alipozungumzia zamani. Alisema "marehemu," na alisema "wewe."

Vyombo sikujenga tena. Nililima mihogo, nikapanda mikorosho. Mdachi akapigwa, akaondoka, Mwingereza akaja. Ile habari ya mtoto wa kiume huko Ulaya nilikuja kujua kwamba haikuwapo. Bwana mkubwa hakuwa na mtoto, na chombo kilibaki juu ya kabati bomani mpaka kilipopotea kwenye vita vyao wenyewe. Karani alipewa uakida, akajenga nyumba ya mawe Rasbura, huko Lindi.

Mwaka juzi alinitumia mtu. Ni mgonjwa, haoni tena, na anataka radhi kwa watu wake kabla hajaitwa. Hiyo ni desturi yetu, na mwenye kuombwa radhi akikataa kwenda watu humwona yeye ndiye mbaya. Mke wangu aliponiona nafunga kibindo akasema, "Kama uonavyo." Nilikwenda, lakini si kwa desturi. Nilikwenda kwa sababu ndiye mtu pekee aliyebaki duniani ambaye alikuwa ndani ya chumba kile. Yeye alikuwa anasikiliza kwa kazi. Nilitaka kumuuliza swali la mama.

Nilimkuta amelazwa ukumbini, mwembamba, macho yamefunga ukungu. Nilitoa salamu, akaijibu, akanitambua kwa sauti. Akaupapasa mkono wangu, akakuta vidole vile viwili vya miba, akalia. Nataka niwe mkweli: nami nililegea. Kumbi ni kumbi. Nilimwona kwenye majani tukiwa watoto, ananipa nusu ya muhogo wake.

"Sahibu," akasema, "nilikukosea."

"Ulinikosea."

"Nipe radhi."

"Nitakuuliza jambo moja kwanza. Kaka yangu aliposema mimi si ndugu yake, alisema kwa hasira au kwa huruma?"

Nilimwinamia nisikie vizuri, mzee mzima.

"Kwa huruma," akasema. "Tena aliniambia mwenyewe baadaye. Nilikuwapo siku ya mwisho, sahibu. Nilisimama naye pale chini ya mti wa kunyongea, kitanzi kiko shingoni, na akaniambia, mwambie ndugu yangu nimemsamehe, na kile chombo chake kilikuwa kizuri. Halafu wakavuta ubao."

Mkewe alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa, kahawa ya kweli, anangoja nikipokee.

Alikuwa hadanganyi, hilo nililiona. Uongo wake nilikuwa naujua, ulikuwa na kicheko ndani yake. Alikuwa anakumbuka. Alikuwa anamkumbuka mtu mwingine, wa kesi nyingine, mwenye ndugu mwingine.

"Huyo aliyenyongwa si ndugu yangu," nikamwambia.

Akakunja uso, akageuza kichwa kwenye mto, macho yake meupe yanatafuta mahali nilipo.

"Basi wako alikuwa yupi?"

Nikavaa makubadhi yangu, nikatoka.